Mwelekeo wa bikoni kwa NumPy: mstari wa kusini unatoka kaskazini

mpima_nala: Wakuu, habari za jioni. Nina faili la koordineti za bikoni (alama za mpaka) za kiwanja kimoja huku Nala, Dodoma, UTM (gridi ya ramani ya mita) kanda ya 36 kusini. Nataka mwelekeo wa kila mstari kwa mkupuo, nimechoka kubonyeza kikokotoo. math.atan ya Python imegoma, haipokei arei (orodha ya namba). np.arctan(dE/dN) ya NumPy, maktaba ya Python ya hesabu za arei, imekubali, ila mstari ninaouona kabisa unashuka kusini-magharibi, dE (tofauti ya mashariki) = -30 na dN (tofauti ya kaskazini) = -40, unaniletea 0.6435. Bosi anataka jedwali kesho asubuhi.

zabibu_tamu: Hizo ni radiani mkuu. Pitisha kwenye np.degrees, utapata 36.87.

mzee_wa_theodolaiti: Hapo umejibiwa nusu. Nyuzi 36.87 ni kaskazini-mashariki. Mpe fundi namba hiyo uone atakavyochimba shimo kwa jirani, na bei za viwanja Dodoma siku hizi huyo jirani hatakuchekea.

Ugonjwa uko kwenye kugawanya. Hasi kwa hasi ni chanya, kwa hiyo arctan haina namna ya kujua kama ulimpa -30/-40 au 30/40. Tumia arctan2: inapokea namba mbili zikiwa mbalimbali na kuangalia alama ya kila moja. Nyaraka zake zinatanguliza y kisha x, maana wanahesabu huanzia mashariki na kuzunguka kinyume cha saa. Sisi wapima tunaanzia kaskazini tukifuata saa, kwa hiyo dE inatangulia:

dE = np.roll(E, -1) - E
dN = np.roll(N, -1) - N
az = np.degrees(np.arctan2(dE, dN)) % 360

Mstari wako utasoma 216.87. Bila hiyo % 360 ungeona -143.13, ambayo ni ileile, ila hakuna atakayekupokelea kwenye jedwali. np.roll, inayozungusha orodha ili bikoni ya mwisho iungane na ya kwanza, nimeiweka makusudi: np.diff ingekuachia mistari mitatu kwenye kiwanja cha bikoni nne.

mpima_nala: 216.87 imetoka, shikamoo mzee! Sasa pembe za ndani: nimetumia arccos, na bikoni moja iliyo katikati ya mstari ulionyooka imetoa nan (yaani si namba).

mzee_wa_theodolaiti: Marahaba. Kosaini yako imefika -1.0000000000000002, vumbi la desimali tu, lakini arccos haitaki kitu nje ya -1 na 1. np.clip(c, -1, 1), c ikiwa hiyo kosaini, itaibana ndani ya mipaka hiyo na kukutoa. Mimi lakini arccos nisingeigusa: kona iliyoingia ndani ya nyuzi 200 itakusomea 160, na wala haitakupa onyo. Mielekeo (az) unayo tayari, toa tu:

nyuma = (np.roll(az, 1) + 180) % 360
pembe = (nyuma - az) % 360

Hii ni kama bikoni umezipanga kufuata saa. Ukiwa na bikoni n, jumla lazima iwe (n - 2) × 180.

mpima_nala: Bikoni tano, jumla 540. Naingiza kiwanja kinachofuata.