Ufadhili wa utafiti wa usonji: niombe mwenyewe au nipitie taasisi?

Mti_wa_Mringaringa: Wakuu, habari za humu. Niko Moshi, ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Watoto wenye usonji wananifikia wakiwa na miaka sita au saba, wakati mama aliona kitu tangu mtoto hajafika miwili. Hapo katikati wameshazunguka kwa wachungaji, kwa waganga, kliniki ya masikio. Nataka kutafiti huo muda unapotelea wapi. Ruzuku za Marekani naweza kuomba kwa jina langu? Kuna jamaa anataka laki tano aniandikie andiko la kuomba fedha, eti "la kushinda".

Kibosho Juu: Laki tano nunua mbuzi mkuu, tuje tule.

Daktari Mstaafu: Huyo mkimbie. Ruzuku kubwa hapewi mtu, inapewa taasisi yenye mhasibu na mkaguzi. Nenda hospitali ya KCMC hapo Moshi, pale pana kitengo cha utafiti, tafuta mtafiti mzoefu akubebe. SFARI, wafadhili wa Marekani wa utafiti wa usonji, achana nao kwa sasa, wanaegemea zaidi jeni na sayansi ya ubongo. Swali lako ni la huduma. NIH, taasisi ya serikali ya Marekani inayofadhili utafiti wa afya, usajili wake peke yake unakula wiki sita au zaidi, na Mei 2025 walitangaza kusimamisha fedha zinazopitia chuo cha kwao kuja taasisi za nje hadi waweke utaratibu mpya. Kwa hiyo usijenge mpango wote juu ya rafiki wa chuo cha Marekani.

Na bajeti ya vipimo usiibahatishe. ADOS-2, kipimo cha kutambua usonji, inauzwa, na anayeitumia lazima afunzwe. M-CHAT, dodoso la mzazi la kuchuja dalili za usonji, haina malipo kwenye utafiti, ila ni ya watoto wa miezi 16 hadi 30, na tafsiri yake ina masharti. Waandikie watafiti wa Kilifi, Kenya, wana miaka mingi kwenye ukuaji wa watoto na vipimo vyao vimejaribiwa kwa wanaosema Kiswahili.

Mama Junior Arusha: Samahani wataalamu, mimi ni mzazi. Madodoso tumejaza mpaka basi. Mtu anakuuliza mtoto alianza kusema lini, unalia mbele yake, anafunga daftari anaondoka, matokeo huyaoni. Mwanangu anahitaji tiba, sio dodoso.

Mti_wa_Mringaringa: Mama Junior, pole sana dada yangu. Umenigusa. Nikiweka kwenye andiko kwamba kila mtoto atakayegundulika anaingia kwenye tiba, wafadhili watakubali?

Daktari Mstaafu: Rufaa ya kumpeleka mtoto kwenye huduma, kamati ya maadili itakuuliza hata usipoiandika, NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba) hawapitishi andiko la kumgundua mtoto na kumwacha. Tiba yenyewe ni suala jingine, fedha za utafiti mara nyingi hazilipi huduma ya muda mrefu. Ongea na mkuu wako wa idara kwanza, upate barua kwamba watapokelewa.

Mama Junior Arusha: Na nauli. Kutoka Ngaramtoni hadi huko Moshi na mtoto anayepiga kelele kwenye daladala, mara nyingine nakodi gari.

Daktari Mstaafu: Nauli weka, inaruhusiwa. Isiwe kubwa tu kiasi cha kuonekana unanunua watu.