Fundi wa kofia ya njano kaniambia "gari si sufuria" mbele ya watu!!!

MamaMikate_Tororo (mwenye uzi)

Nimetoka gereji sasa hivi, mikono bado ina oili, na hili silali nalo. Yule fundi mnamjua. Msijifanye. Yule wa kofia ya njano, wa nyuma ya stendi, anayekuelekezea bisibisi puani akiongea na wewe. Jina silitaji, kwa sababu kila mwenye gari kuukuu mji huu ameshamlipa.

Leo, mbele ya mafundi wenzake, mbele ya watu wa boda, mbele ya kijana anayeuza njugu, ameniambia hivi: "Dada, rudi nyumbani. Gari si sufuria."

Gari si sufuria! Mimi! Mimi ninayeamka saa nane usiku kukanda unga, ninayefika Malaba na mikate kabla jua halijatoka ili madereva wa malori waliolala foleni mpakani wapate cha kunywea chai! Sufuria zangu ndizo zilizonunua ile Kikumi, Toyota Corolla yangu kuukuu. Sufuria zangu zinamlipia yeye kodi ya gereji, zinawasomeshea watoto wake, na ile kofia ya njano nayo ni pesa ya mandazi yangu, naapa.

Ugonjwa wenyewe hata si wa kuficha. Gari ikiwa sailensa, mguu hauko kwenye akseleta, inapanda yenyewe vuuuum, inashuka mpaka inataka kuzima, inapanda tena. Asubuhi ikiwa baridi inazima kabisa. Na chini ya boneti kuna sauti, sssssss, haikatiki. Kiziwi wa Mbale angeisikia akiwa Mbale. Yeye akaongeza redio.

Akasema plagi. Nikanunua plagi. Akasema kofia ya distributa na rota. Nikanunua. Akasema nozeli zimeziba, akazitoa, akaziosha, akazirudisha. Akasema pampu ya mafuta. Kila alichokitaja kilikuwa dukani kwa shemeji yake, tayari kimeshapanguswa vumbi. Pesa niliyomwaga pale ingejenga daraja lingine juu ya Nile kule Jinja, na taa za rangi juu. Gari bado vuuuum. Bado sssssss. Mwishowe akakaza skrubu ya sailensa mpaka injini ikawa inanguruma juu saa zote, akajipongeza: "Umeona, haizimi tena." Haizimi, ndiyo! Na petroli nayo haikai kwenye tangi!

Sasa leo kaleta geji ya vakyumu, ile ya kupima injini inavuta hewa kwa nguvu gani. Kaichomeka kwenye manifoldi, bomba la kugawia injini hewa, mshale umesimama kwenye 11. Hakugusa kitu kingine. Akasema ringi za pistoni zimekwisha, injini yote ifunguliwe, shilingi milioni mbili na nusu. Nikamwambia kwa adabu zangu zote: fundi, injini inanyonya hewa mahali, isikilize, hiyo sauti iko hapo hapo chini.

Hapo ndipo. Hakunijibu mara moja. Aliwageukia wenzake kwanza, akangoja wanyamaze, akazima hata ile redio aliyokataa kuizima siku zote, ndipo akasema. Dada, rudi nyumbani. Gari si sufuria. Wakacheka mpaka mmoja akaangusha spana. Yule wa njugu naye akacheka, na ana deni langu la mandazi.

Sikurudi nyumbani. Nimekulia kwenye lori la marehemu baba, mimi si mgeni wa boneti. Nilimwomba kijana wa gereji ya pili koleo na kipande cha mpira wa petroli. Injini inanguruma, ncha moja ya mpira sikioni, ncha nyingine naipitisha polepole kwenye kila kiungo. Shina la manifoldi, kimya. Mpira wa busta ya breki, kimya. Nikashuka chini ya throto, ule mlango wa hewa ya injini, kwenye kile kimpira kifupi kinachotoka juu ya injini kupeleka mvuke wa oili kwenye manifoldi: sssssss, mpaka sikio likauma. Nikakibana kwa koleo pale kinapoingilia manifoldi. Mlio ukakatika, mngurumo ukashuka kwa mpigo mmoja.

Nikazima, nikakichomoa. Kiwiko cha mpira, urefu wa kidole. Mvuke wa oili umekilainisha hadi ukikibonyeza kinabonyea chote. Ukikinyoosha, huoni kitu. Ukikikunja jinsi kinavyokaa kwenye injini, upande wa chini, usioonekana kabisa ukiwa umesimama mbele ya gari, ufa unafunguka na ukucha unaingia. Hapo ndipo hewa ilikuwa inapita bila kupitia throto.

Kiwiko kipya shilingi 15,000. Nikashusha skrubu aliyoikaza. Geji ile ile: 16, mshale umetulia. Nikamwita aje aone. Akaja, akainama, akaona. Akasema, "Hata 16 ni ndogo. Ringi bado." Akaenda zake kula.

Nataka pesa yangu ya pampu. Na nataka alirudie lile neno sasa hivi, mbele ya watu wale wale, gari ikiwa imetulia hivi. Gari si sufuria!

DerevaWaFuso

HUYO!! Mimi alinifunga ufa wa mpira kwa tyubu ya baiskeli na utepe mweusi. Nilifika Nagongera tu, utepe umevutwa ndani. Nikamrudia, akasema nimeendesha vibaya. Naendesha lori tangu yeye anacheza gololi.

Kijana_wa_Mbale

Pole nyabo. Swali: hayo mandazi ni bei gani?

MzeeKarabureta

Mama, umefanya vizuri, lakini ngoja nikusahihishe kabla vijana hawajaiga. Mpira ule wa valvu ya PCV, ndio huo wa mvuke wa oili, hata ukiwa mzima, ukiubana mngurumo hushuka kidogo, kwa sababu unapitisha hewa kwa kazi yake. Kwa hiyo kushuka peke yake si ushahidi. Ushahidi ni ule mlio kukatika, na ufa ulioushika mkononi.

Kuhusu 16, huyo bwana anasoma karatasi ya watu wa pwani. Usawa wa bahari, injini nzima ikiwa sailensa huvuta kama inchi 17 hadi 22 za zebaki. Ukipanda mlima, hewa inapungua uzito, na geji hushuka karibu inchi 1 kwa kila mita 300. Tororo tuko karibu mita 1,200. Toa 4. Injini nzima hapa kwetu ni 13 hadi 18. Hiyo 16 yako ni afya. Akiipeleka geji yake Kapchorwa, kule juu mlimani, atazika kila gari atakayoikuta.

Na ile vuuuum: kompyuta ya injini inaona throto imefungwa lakini mizunguko iko juu, inakata mafuta, injini inazama, inarudisha mafuta, injini inapanda. Hapo huhitaji kununua pampu, unatafuta hewa inakoingilia.

MamaMikate_Tororo

Asante mzee, nimelihifadhi. Lakini umeona alivyowageukia wenzake KWANZA? Angelisema tu likamtoka, ningesamehe. Alizima redio!

Boda_Osukuru

Mimi nilikuwepo. Kweli alizima redio.

MamaMikate_Tororo

Ulicheka?

Boda_Osukuru

Nilikohoa.

Fundi_Mdogo

Mimi ni fundi na mnatuonea. Mteja anakuja, anataka gari saa hiyo hiyo, hataki kulipia kutafuta ugonjwa, anataka kulipia kifaa. Nikikaa saa mbili nasikiliza mipira utanilipa nini? Utasema "hukubadilisha kitu." Ndiyo maana tunabadilisha vitu. Dawa ya kusafishia karabureta ingekuonyesha ufa kwa dakika tano: unapuliza kwenye mipira, mahali mngurumo unapobadilika ndipo penye tundu.

MzeeKarabureta

Na ukiipulizia ekzosi ya moto unawasha gari, gereji na kofia. Tumia maji ya kupuliza kidogo kidogo, au ingiza moshi kwenye njia ya hewa injini ikiwa imezimwa, uone unatokea wapi. Hiyo ya kulipia kutafuta, hapo uko sawa. Watu walipe.

MamaMikate_Tororo

Nililipa! Nililipa kutafuta, nililipa kutopata, nikalipa na kutukanwa!

Mpole_wa_Busia

Dada uza hiyo gari. Kikumi ni za enzi za baba zetu. Si ndiyo sababu mwaka 2018 serikali ilipiga marufuku magari yaliyozidi miaka 15?

DerevaWaFuso

Marufuku ni ya kuyaingiza nchini, si ya kuyaendesha. Zilizokwisha kuwa ndani ziko halali. Soma kwanza.

Mpole_wa_Busia

Nimesoma. Nasema tu inachafua hewa.

DerevaWaFuso

Lori langu linachafua hewa na linalipa karo za watoto wanne. Wewe njoo na hewa yako safi uwalipie.

Bi_Gomesi

Nyie mnalia mpira wa 15,000. Mimi nimempa fundi cherehani mita 6 za kitambaa cha gomesi, gauni letu la sherehe, tangu Pasaka. Kwanjula ya mdogo wangu, sherehe ya kumtambulisha mchumba, ni Jumamosi. Jana nimekwenda, kitambaa kiko mezani kimekunjwa vile vile nilivyokikunja mimi, na juu yake kuna sahani ya posho, yaani ugali.

Kijana_wa_Mbale

Posho na nini?

Bi_Gomesi

Maharage! Na mchuzi umeshuka! Hariri ya zambarau!

Mke_wa_Afande

Ni yule wa karibu na msikiti? Mwenye futi ya kupimia shingoni hata akiwa sokoni?

Bi_Gomesi

NDIYO YEYE.

Mke_wa_Afande

Weeee! Mimi alinishonea mabega, moja limesimama, moja limelala. Nikakaa ukumbini siku nzima nimeinamisha upande mmoja ili yalingane. Mama mkwe akaniuliza kama nina maumivu ya shingo. Nilimrudishia, akaniambia ni mwili wangu ndio haulingani.

MamaMikate_Tororo

Unaona? Ni wale wale! Mwili wako, uendeshaji wako, sufuria zako. Kosa kwao halilali hata usiku mmoja.

Fundi_Mdogo

Sasa mmehamia kwa mafundi cherehani, sisi tunaweza kwenda?

MamaMikate_Tororo

Hapana! Pampu yangu!

Kaka_Friji

Fundi friji alichukua friji yangu "kwa siku mbili." Wiki iliyopita nimepita kwake kununua soda. Soda baridi kweli kweli. Ametoa kwenye friji yangu. Stika ya mwanangu bado iko mlangoni.

DerevaWaFuso

Ulilipa soda?

Kaka_Friji

Nililipa, ndugu yangu. Nilikuwa na kiu.

Bi_Gomesi

Jamani, Jumamosi. Nani anamjua fundi wa kunishonea gomesi kwa siku tatu? Kitambaa kimefuliwa, doa la maharage limebaki upande wa kiunoni, nadhani mshipi utalifunika.

Mke_wa_Afande

Mshipi haufuniki kote. Doa liko wapi hasa?

Bi_Gomesi

Kushoto, chini ya vifungo.

Mke_wa_Afande

Hapo mkunjo utalala juu yake, usiogope. Yuko mama mmoja Nagongera anashona usiku, ila hashoni kikoyi cha ndani, uje nacho. Na usimwachie kitambaa. Kaa hapo hapo mpaka amalize.

Kijana_wa_Mbale

Mama Mikate hajajibu bei ya mandazi.

MamaMikate_Tororo

200 moja. Ila kwa wauza njugu ni 1,000, na ni taslimu.

Bi_Gomesi

Huyo wa Nagongera anatoza ngapi? Na anajua kusimamisha mabega yote mawili?