Kamera ya kuonea usiku kwa boti ya faiba, Kilindoni hadi Nyamisati: nichague ipi?

MwanaKilindoni

Assalamu alaikum wanabahari. Nina boti ya faiba ya mita 8 yenye mashine mbili, ambayo mchana hupeleka wageni kutazama papa potwe hapa Kilindoni, kisiwani Mafia, lakini mara nyingine hulazimika kuvuka usiku kwenda Nyamisati, upande wa bara, kwa kuwa mgonjwa hangoji kupambazuke. Meli kubwa hazinitishi, maana zina taa na huonekana mbali. Ninachohofia ni ngalawa zinazovua bila taa, majarife (nyavu kubwa) yaliyotegwa kuelekea delta ya Rufiji, na magogo yanayoteremshwa na mto wakati wa masika. Nimeonyeshwa kamera za aina tatu: ya joto, ya kukuza mwanga hafifu, na ile yenye taa yake ya infraredi, yaani miale isiyoonekana kwa macho. Naomba mnieleze ipi inafaa kwa njia hii, na kama ninaweza kuifunga ndani ya kibanda, nyuma ya kioo, isiliwe na chumvi.

Mkaa_Usukani

Wa alaikumu salaam, nahodha. Nianze na kioo, kwa sababu ndicho kitakachoamua mengine. Kamera ya joto haioni kupitia kioo cha kawaida; ukiifunga ndani ya kibanda itakuonyesha joto la kioo chenyewe pamoja na kivuli chako. Lenzi zake hutengenezwa kwa jerimani (germanium, elementi inayopitisha miale ya joto), si kwa kioo, na ndiyo sababu mojawapo ya bei yake kuwa kubwa. Kwa hiyo lazima ikae nje, juu ya kibanda, iwe imezibwa vizuri dhidi ya maji, na lenzi ioshwe kwa maji yasiyo ya chumvi kila mnaporudi.

Pamoja na usumbufu huo, kwa shida uliyoieleza ningechukua ya joto bila kusita. Haihitaji mwezi wala nyota, na mvuvi aliyeketi ndani ya ngalawa bila taa ana joto la mwili linalomtofautisha na mbao na maji. Ile yenye taa ya infraredi usiihangaikie: miale yake hurudishwa na rasharasha za mawimbi na manyunyu, ukabaki unatazama ukungu mweupe mbele ya omo, yaani mbele ya boti. Hiyo ni kamera ya kulindia geti.

Baharia wa Zamani

Ndugu yangu amesema kweli kuhusu taa ya infraredi, ila ameipendelea mno kamera ya joto. Kamera hiyo haitambui rangi. Taa nyekundu ya ubavu wa kushoto na ya kijani ya ubavu wa kulia, ambazo ndizo zinazokujulisha chombo kinaelekea wapi, kwake zote ni madoa tu, na taa ya LED isiyotoa joto jingi huenda isionekane kabisa. Kamera ya rangi ya mwanga hafifu, ya kizazi hiki cha sasa, hukuonyesha rangi hizo pamoja na maboya na ukingo wa mikoko, mradi kuwe na mwanga kidogo wa mbalamwezi au nyota.

Ila nayo ina adui wake, nanyi mnamjua. Wakati wa giza la mwezi wavuvi wa dagaa hutoka na karabai au taa za betri, na hapo kamera ya kukuza mwanga hupigwa na ule mng'ao hata vilivyo kando yake vikapotea. Ngalawa iliyo nyuma ya taa hizo hutaiona, na hapo ndipo ya joto inapoishinda.

Fundi wa Mitambo

Naongeza hesabu, maana wauzaji hutaja umbali mkubwa bila kusema ni wa kuona kitu gani. Kuona kwamba kuna doa si sawa na kujua kwamba doa hilo ni chombo chenye watu.

Chukua kamera ya joto yenye pikseli (nukta za picha) 320 kwa upana, inayoona upana wa nyuzi 24. Kwa umbali wa mita 500, pikseli moja hufunika kama sentimita 65. Ngalawa ya mita 6 iliyokupa ubavu itapata pikseli 9 hivi, nayo itatambulika. Ikikuelekezea omo utapata pikseli moja au mbili, na wimbi moja latosha kuizima. Yenye pikseli 640 kwa upana huohuo wa kuona hupunguza kipimo hicho kwa nusu. Sasa linganisha na mwendo wako: kwa noti 20 (maili 20 za bahari kwa saa), mita 500 huisha katika sekunde 49, kwa noti 10 unapata mara mbili ya muda huo.

Uliza pia kasi ya picha. Nyingi za bei nafuu hutoa picha 9 kwa sekunde, na boti ikirukaruka kwenye mawimbi ya kusi picha hiyo hukatikakatika hadi macho yakachoka. Ukiweza, tafuta ya picha 25 au 30.

MwanaKilindoni

Nawashukuru sana. Fedha zangu hazifikii pikseli 640. Je, ya kushika mkononi yenye pikseli 320 inatosha? Na vipi kuhusu majarife na magogo, ambayo bado hamjayagusa?

Mkaa_Usukani

Ya mkononi inatosha, kwa sharti kwamba isishikwe na nahodha. Mpe mtu mwingine akae mbele na kukutajia anachokiona, kwa sababu jicho lililotoka kutazama kioo king'aavu huchukua hadi nusu saa kulizoea giza upya kikamilifu. Punguza mng'ao wake hadi mwisho, na ijaribuni kwanza mkiwa mbele ya gati, mkiitazama ngalawa ambayo umbali wake mnaujua.

Kuhusu jarife, sitakudanganya. Infraredi haipenyi maji, hivyo kamera ya joto haioni kitu kilicho chini ya uso wa bahari, si wavu, si mwamba, si papa potwe wako. Chelezo kidogo cha plastiki kilichopoa sawa na maji kitaonekana kikiwa karibu mno. Gogo linaloelea juu hupata nafasi nzuri zaidi jioni likiwa bado na joto la jua, kisha hufifia jinsi linavyopoa, na mvua na unyevu wa masika huzidi kuififisha picha. Karibu na delta shuka hadi noti 6 au 7 na uwashe kurunzi kwa vipindi vifupi, maana vitambaa na chupa zinazofungwa kwenye maboya ya majarife hurudisha mwanga wa kurunzi vizuri kuliko zinavyotoa joto.

Baharia wa Zamani

Na kabla ya kuagiza, ulizia forodha. Vifaa vya aina hii huhitaji vibali katika nchi nyingi zinakotengenezwa, na mzigo ukizuiwa bandarini gharama ya kuuhifadhi itakuwa juu yako.