Mzazi asiyechanja mtoto: jela au nauli?

Wadau, salaam kutoka Arua. Sheria ya Chanjo ya Uganda ya 2017 inasema mzazi asiyempeleka mtoto kuchanjwa anaweza kufungwa hadi miezi sita. Wanaoitetea husema chanjo ni bure, na ada kwenye vituo vya afya vya serikali ziliondolewa tangu 2001, sasa kisingizio kiko wapi? Mimi naipinga. Nijibuni kwa hoja, si kwa matusi.

Bure hiyo inaishia getini. Mtoto akipata homa usiku na mvua imenyesha, mtu wa boda anataka nauli maradufu. Pesa ya tumbaku anayo mume, ingawa aliyepalilia na kutundika majani yakauke ni mke. Akifika kituoni dawa ya malaria imeisha, anaelekezwa duka la nje. Na huko nyumbani mama mkwe alishatoa hukumu: homa ni ya "meno ya plastiki", yale wanayodai yamejificha kwenye ufizi wa mtoto, yang'olewe!

Tumepiga hatua, sikatai. Utafiti wa kitaifa wa 2016 ulikuta watoto 64 katika kila 1,000 wanaozaliwa hai wanakufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Wa 2022 ukakuta 52. Lakini kati ya hao 52, 22 hawamalizi hata mwezi. Hao wanaondoka kwa uzazi uliokwama, kuzaliwa njiti na maambukizi. Pingu zitawasaidia nini?

Mchangiaji, Bugiri: Kaka, mbona surua umeiruka? Asiyechanja wake anamponza na wa jirani. Huku kwetu kuna watu wana ng'ombe na pikipiki, kituo wanakiona kwa macho, ila imani yao inakataa sindano. Hao nao tuwape nauli? Mtoto hana sauti, lazima sheria imsemee.

Mleta mada: Dada, hapo umenibana. Wenye uwezo wanaokataa kwa makusudi, wabanwe. Ila askari akija kijijini atamkuta nani nyumbani? Mama, tena ana mwingine anayenyonya. Aliyekataa yuko kilabuni anakunywa. Kwa hiyo kabla ya polisi, mhudumu wa afya wa kijiji apite nyumba kwa nyumba, naye alipwe, maana wengi wao wanajitolea tu. Ikishindikana, mwenyekiti wa kijiji (LC1) aite watu, na wa kwanza kuitwa awe baba.