Tupeane uzoefu: daftari la maombi, wewe ulianzaje?

#1 (mleta uzi)
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mimi kuandika maombi nimeanza mara nne, mara tatu nimefeli vibaya. Mara ya kwanza nilinunua daiari ya zipu, nzuri hadi unaogopa kuichafua, tarehe 1 Januari nikajaza kurasa tatu za maono ya mwaka, tarehe 9 nimeandika "Bwana nisamehe nimechoka" basi, ikaishia kuandikiwa hela za kikoba. Safari hii nimechukua kaunta buku la mwanangu lililobaki kurasa nyingi, nikaligeuza nikaanzia nyuma. Mistari mitatu tu kabla sijawasha jiko: tarehe, asante ya jana, ombi la leo. Upande wa kulia naacha wazi, likijibiwa naandika kwa peni nyekundu.

Huo upande wa kulia ndo ulionishika. Mfano 11/3 nimeandika "kodi ya miezi sita, mwenye nyumba kasema mwisho Ijumaa, Bwana mlainishe". Kulia kwa nyekundu, 14/3: "hajalainika. Ila dada kanikopesha nusu bila kumwomba." Nisingeandika ningebaki na hasira za mwenye nyumba tu, ya dada ningeshasahau. Huu ni mwezi wa saba sasa naandika. Nyie mlianzaje, na mnaficha wapi?

#2
Hapo kwenye kuficha umenigusa 😂 Nilianzia sekondari, UKWATA (umoja wa wanafunzi Wakristo), mwalimu mmoja alitufundisha tugawe kurasa nne: sifa, toba, shukrani, mahitaji. Mimi ukurasa wa toba niliujaza majina ya watu walionikosea, hata sijui nani alipaswa kutubu pale. Sasa bwenini jirani yangu wa kitanda akaomba kalamu, kafungua begi, kakutana na "Bwana mwondolee huyu dada roho ya umbea" na jina lake kamili. Hatukuongea muhula mzima. Tangu hapo naandika herufi ya kwanza tu na ya uongo.

#3
Kwetu Mbeya bibi yangu Mmoravian alikuwa anafanya hivi bila kukiita jina lolote. Wamoravian wana kile kitabu cha neno la kila siku, utaratibu uliotoka Herrnhut kule Ujerumani, cha kwanza kilichapwa 1731, kila siku ina mstari wake. Bibi anasoma mstari halafu pembeni anaandika kwa penseli fupi aliyoichonga kwa kisu. Neno moja au mawili, Kinyakyusa. "Mvua." "Ndama." Sehemu moja jina la baba yangu tu na msalaba mdogo, tukapiga hesabu tukakuta ni wiki aliyokwenda kutafuta kazi Dar na hakuna barua iliyofika. Mimi nilipoanza nikaiga hivyo hivyo, neno moja kwa siku, sijawahi kuacha kwa sababu hakuna cha kuacha.

#4
Samahani nitakuwa tofauti kidogo. Yesu alisema ingia chumbani funga mlango, Baba anaona sirini. Sasa haya ya kumwandikia Mungu risiti na peni nyekundu si ndo kumkagua?

#5 (mleta uzi)
Mtumishi nakuelewa. Ila nabii Samweli naye alisimamisha jiwe akaliita Ebenezeri, yaani jiwe la msaada, na hakulisimamisha ili Mungu akumbuke.

#6
Mimi sijui kama huu ni ushuhuda. Mama aliugua mwaka mzima, nikawa naandika kila usiku kwenye benchi la wodi, daftari la kurasa 40 lile la msingi, nimeliegemeza gotini. Mwanzoni maombi marefu, maandiko yote ya uponyaji nayajua. Kadiri siku zinavyokwenda yanafupika, "mponye", halafu "apate usingizi", halafu "leo amekunywa uji vijiko vinne". Siku ya mwisho nimeandika tarehe tu. Baada ya msiba sikuligusa miaka miwili. Nilipolifungua nikakuta vile vijiko vinne, nilikuwa nimesahau kabisa kwamba siku ile alicheka, uji ulimdondokea akasema "mpishi ananionea". Sikurudi kwenye maombi marefu. Nilianza tena kwa kunakili Zaburi ya 13, ile ya "hata lini", kila siku mstari mmoja, na Zaburi hiyo ni fupi kwa hiyo nikiimaliza nairudia.

#7
Pole sana ndugu yangu wa juu, nimesoma nikaweka simu chini kwanza.

Mimi dereva wa bodaboda, kuandika siwezi muda wote, nilijaribu kwenye simu, simu ikaibiwa kituoni na maombi yangu yote, sijui mwizi kayasoma. Sasa nina kipande cha karatasi ndani ya kofia ya pikipiki, nikikaa kijiweni naivua naandika jina la abiria niliyemsikia analia au analalamika kwenye simu. Jioni binti yangu wa darasa la sita anayahamishia kwenye daftari maana mwandiko wangu mwenyewe siusomi. Juzi kaniuliza "baba huyu mama wa Mbagala alipata ile kazi?" Sina jibu, ila kila siku ananiuliza.

#8
Swali kwa wakongwe: daftari likijaa mnalipeleka wapi? Nina matatu, kuchoma naogopa, kuacha wazi naogopa zaidi.

#9 (#2 tena)
Yangu yapo kwenye sanduku la bati juu ya kabati, tangu 2011. Mume anajua ni vyeti vya shule.