Maiki ya USB au simu? Nataka kurekodi vitabu vya LibriVox

Msomaji_Usiku: Wadau, nataka kujitolea kusoma hadithi za kale LibriVox, ule mtandao wa vitabu vya sauti visivyolindwa tena na hakimiliki, zile watu husikiliza bure. Ninunue maiki ya USB ama nitumie simu niliyo nayo? Mwisho wa mwezi naenda Luthuli, kule Nairobi kwenye maduka ya elektroniki.

FundiSauti: Unaishi wapi? Una pesa ngapi? Utasoma kitabu kizima peke yako au sura mojamoja na wengine?

MamaWawili: Na lugha gani?

Msomaji_Usiku: Mtaa wa Umoja, Nairobi, dirisha linatazama barabara ya matatu. Shilingi elfu sita, nikijinyima nane. Sura mojamoja kwanza. Kiswahili nikipata.

FundiSauti: Kwa Umoja usiguse kondensa, ile maiki inayonasa hata sauti za mbali, itanasa hadi makanga akiita abiria. Chukua dainamiki, ile inayonasa zaidi sauti ya karibu, isogeze karibu na mdomo. Simu itumie kwa lile jaribio la dakika moja wanalopendekeza kabla hujaanza. LibriVox wanataka MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, sauti karibu desibeli 89. Kuhariri, programu ya Audacity inatosha, tena ni ya bure.

Wa_Rongai: Mimi ni simu tu. Nilinunua dainamiki kwenye duka moja mjini, nikarekodi sura ndefu saa nane usiku watu wamelala. Msikilizaji wa uhakiki wa LibriVox akairudisha: kuna mvumo. Nikazima friji, mvumo upo. Nikaupunguza kwa Audacity, sauti ikawa kama ya mtu aliye ndani ya mtungi. Niliporudi dukani nikaambiwa boksi likifunguliwa halirudishwi. Ile sura nimeisoma upya kwa simu ndani ya kabati la nguo, blanketi mbili mlangoni, ikapita.

FundiSauti: Ulikuwa umechomeka chaja ya laptop?

Wa_Rongai: Ndiyo.

FundiSauti: Basi mvumo huenda ulitoka hapo. Rekodi kwa betri. Na wewe Msomaji, beba laptop yako dukani, ujaribu kabla hujalipa.

MamaWawili: Kwa nini asisome Shaaban Robert? Alifariki 1962, na sheria ya Kenya inalinda miaka 50 baada ya kifo. Mama yangu macho yamepungua, redio ndiyo kitabu chake. Angefurahi mno.

Karani_wa_Vitabu: Kwa Kenya uko sawa, dada. Lakini LibriVox wanafuata sheria ya Marekani, na huko riwaya za enzi hizo huhesabiwa miaka 95 tangu kuchapishwa. Tafsiri nayo ina haki yake: Shakespeare ni huru, ila tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya *Julius Caesar* ni ya 1963, na Mwalimu alifariki 1999. Salama kabisa ni hadithi za Zanzibar alizokusanya mmishonari Mwingereza Edward Steere, zilizochapishwa London 1870. Kiswahili asilia cha hadithi hizo kimo humo humo.

MamaWawili: Hizo zinahitaji msomaji wa Unguja. Lafudhi ya bara itaziharibu.

Wa_Rongai: Sikubali. LibriVox wanapokea lafudhi zote. Tukimsubiri wa Unguja, mama yako atasikiliza nini mwaka huu?

MamaWawili: Mama yangu ni wa Lamu, atajua tofauti kwa sentensi ya kwanza.

Karani_wa_Vitabu: Basi asome yeye kwa kumbukumbu, wewe umrekodi! Tenzi nyingi anazo kichwani, bila shaka.

MamaWawili: Anazo. Hilo sikuwa nimeliwaza.

Msomaji_Usiku: Asanteni. Steere nitamtafuta. Kuna aliye na dainamiki ya kuniazima wikendi moja huku Eastlands, niilinganishe na simu kabla sijatoa pesa?