Nyumba ya Bibi, Kikwajuni: Zuhura yuko Napoli

*Ijumaa*

Mama Zuhura: Assalaam alaykum nyote. Zuhura anaondoka kesho alfajiri In shaa Allah. Siku tisa Napoli, Italia, wale wa chuo cha L'Orientale wanaosomesha Kiswahili wamemwita kwenye warsha. Mwenye la kumwambia amwambie leo, kesho hatasikia la mtu.

Ami Seif: Waalaykum salaam. Napoli! Si ndiko kwenye Camorra huko, lile genge la majambazi? Mwanangu, magharibi ikiingia na wewe uingie ndani.

Khadija: Ami, Camorra wana kazi gani na mwalimu wa ngeli 😂

Nassor (Roma): Waalaykum salaam, shkamooni wakubwa. Khadija kasema kweli. Camorra ipo, ila mgeni wa siku tisa haioni. Atakaokutana nao ni wachomoaji wa kwenye treni, muuza simu wa stesheni na bili ya samaki.

Ami Seif: Bili ya samaki?

Nassor (Roma): Nitafika huko mjomba. Zuhura uko macho?

Zuhura: Niko, nafunga begi. Shkamooni wote.

Shangazi Rukia: Marahaba mwanangu. Nassor andika polepole, tena usitume sauti, simu yangu haina spika.

Nassor (Roma): Haya. Uwanja wa ndege unaitwa Capodichino, uko karibu na mji. Kuna basi, Alibus, euro 5, linakwenda stesheni kuu pale Piazza Garibaldi kisha bandarini. Ukitaka teksi, panda nyeupe yenye nembo ya mji, kwenye foleni ya nje. Atakayekufuata ndani akikunong'oneza "taxi, taxi" ni papasi tu, huna haja ya kumjibu.

Nassor (Roma): Na kabla gari haijang'oka sema: *tariffa predeterminata*. Ni bei iliyopangwa na mji wenyewe kwa safari kama uwanja wa ndege hadi stesheni, na dereva ana karatasi yake ndani ya gari. Lazima uiseme mwanzo. Ukikumbuka mwisho wa safari unalipa mita, na hapo huna la kudai.

Zuhura: Ta-ri-ffa pre-de-ter-mi-na-ta. Kama nasoma uradi.

Mama Zuhura: Isome mpaka ilale nawe.

Nassor (Roma): Sasa treni ya Circumvesuviana, ile ya Pompei na Sorrento. Inajaa kama daladala ya Darajani saa kumi jioni. Wachomoaji huwa watatu au wanne. Mmoja anaziba mlango akijifanya anauliza kituo, mwingine anakusukuma kwa nyuma, unageuka kumtazama aliyekusukuma. Mlango ukifungwa wao washashuka na pochi yako. Kwa hiyo usisimame mlangoni, na begi la mgongoni lihamie kifuani. Simu isikae mfuko wa nyuma hata dakika moja.

Nassor (Roma): Barabarani kuna kitu wanaita *scippo*: pikipiki inapita, begi linaondoka nayo. Begi liwe upande wa ukuta, mkanda upite kifuani. Ukitaka kuangalia ramani ingia mlangoni mwa duka, angalia, funga simu, toka. Na wakishalishika, LIACHE. Watu wameburuzwa kwa kung'ang'ania begi lenye miwani na tishu.

Ami Seif: Sasa si bora hiyo Camorra.

Nassor (Roma): 😅 Halafu pale pale Piazza Garibaldi mtu atakuonyesha simu mpya, inawaka, bei nusu. Ukikubali anairudisha kwenye boksi, kumbe boksi ni jingine. Ukifika chumbani unakuta kigae au kipande cha mbao chenye uzito ule ule. Wanauita *pacco*, umevuma Italia nzima.

Khadija: Hiyo si simu ya sabuni ya Kariakoo!!

Khadija: Ami anaijua hiyo 🙈

Ami Seif: Haikuwa sabuni, ilikuwa kipande cha kioo. Tuendelee.

Shangazi Rukia: Nasikia huko mikoba ya majina makubwa inatandikwa chini barabarani, bei ya karanga. Zuhura niletee mmoja, mweusi.

Nassor (Roma): Mama! Ile ni bandia, na sheria ya hapa inamkamata hata mnunuzi. Faini inaweza kufika euro 7,000.

Shangazi Rukia: Basi aniletee chokoleti.

Mama Zuhura: Na pasipoti je?

Nassor (Roma): Awe na picha yake kwenye simu na kwenye barua pepe, na nakala ya karatasi ndani ya begi kubwa. Ikiibiwa, anakwenda polisi kuandikisha *denuncia*, yaani taarifa ya wizi, ile karatasi ndiyo itakayotakiwa kila mahali, kisha anapanda treni kuja kwangu. Ubalozi wetu uko huku Roma, na treni ya kasi inachukua saa moja na kidogo. Dharura yoyote ni 112.

Nassor (Roma): Mashine za pesa, tumia za benki zilizo ukutani mwa benki. Ikikuuliza ukatwe kwa euro au kwa shilingi, chagua euro. Ukichagua shilingi wanakupangia kiwango chao, nacho hakikupendi.

Zuhura: Nimeandika yote. Hata mwenye chumba cha mwanzo alitaka nimtumie pesa benki nje ya ule mtandao wa kukodi, eti anipunguzie. Nikamuacha, nimepata kingine.

*Jumapili*

Zuhura: Nimefika salama, alhamdulillah. Jana nilifika hoi, nikalala kama gogo. Dereva nilimwambia lile neno, akageuka kunitazama, akacheka, akasema "brava". Akanitolea karatasi mwenyewe.

Mama Zuhura: Alhamdulillah. Umekula?

Zuhura: Pizza, mama. Nzima. Peke yangu.

*Jumatatu*

Zuhura: Leo yamenikuta mawili, nawahadithia.

Zuhura: La kwanza. Natembea Via Toledo, kijana mweusi ananijia na tabasamu la aliyemwona dadake. "Sister! Africa! Hakuna matata!" Mara ana uzi wa rangi mkononi, ati zawadi, ananifunga. Nikafurahi mie, nikamjibu Kiswahili: "Umetoka wapi kaka? Unasema Kiswahili?" Akanitazama kama nimemtukana.

Khadija: 😂😂😂

Zuhura: Hana neno la tatu! Hizo mbili ndizo zote alizonazo. Katokea Senegal. Na uzi ushakaa mkononi, sasa anataka euro 10 "for the children".

Nassor (Roma): Nilisahau hao. Mkono usimpe, hata wa salamu. Ulilipa?

Zuhura: Nilimpa 2 nikaenda zangu. Nilimwonea huruma, yeye pia katumwa na njaa. Lakini mama, kilichoniudhi ni lile neno. Kiswahili chetu kimekuwa ndoano.

Shangazi Rukia: La pili?

Zuhura: La pili ndilo lililonitia haya. Nakwenda chuoni, Piazza San Domenico Maggiore, napitia Spaccanapoli, kichochoro kirefu kilichonyooka, nguo zimeanikwa juu kama Malindi. Bibi mmoja mnene kakaa kwenye kiti mlangoni. Kaniona, akanikazia macho, akaweka kidole chini ya jicho akaivuta ngozi, hivi, huku kakunja uso. Mie nikajua ananisanifu. Nikakaza mwendo. Akapiga kelele, akanyanyuka, akanishika mkono!

Mama Zuhura: Yarabi.

Zuhura: Nilijua ndio naibiwa. Kumbe zipu ya begi langu iko wazi na limening'inia upande wa barabara. Akaifunga mwenyewe, akalihamishia begi upande wa ukuta, akanigomba kama anavyonigomba Bibi, kisha akarudi kukaa.

Nassor (Roma): Hahaha! Kile kidole cha jicho ndiyo alama yao. Maana yake: fungua macho, kuna watu hapa. Wazee wa Napoli wana uchungu na sifa mbaya ya mji wao, hawapendi mgeni aibiwe mtaani kwao.

Zuhura: Na mie nilimtolea jicho baya! Mwenye uzi kanijia na kicheko, bibi wa watu kanijia kakunja uso. Nimebebeshwa hofu nyingi, nikamkosea asiyehusika. Kesho namrudia na ile karafuu niliyochukua.

*Jumanne*

Zuhura: Nimempa. Kainusa, kanibusu mashavu yote mawili, hatukuelewana hata neno moja. Kaniletea kahawa ndani ya kikombe kidogo kama cha kwetu.

*Jumatano*

Zuhura: Pompei, ule mji wa kale uliofukiwa na mlima wa moto. Miguu sina.

Zuhura: Ukishuka kituo cha Pompei Scavi tu, washajipanga, vitambulisho shingoni, "tickets here, official, foleni ndani ni masaa". Nikapita. Geti la Porta Marina liko hatua chache mbele, na dirisha la tiketi la wenyewe liko hapo hapo. Toka Novemba 2024 tiketi inaandikwa jina lako, na kwa siku wanaingia watu 20,000 mwisho. Kwa hiyo ukiuziwa tiketi njiani yenye jina la mwingine, hilo ni changa la macho na jina juu.

Ami Seif: Foleni ilikuwa masaa?

Zuhura: Dakika ishirini, Ami.

Zuhura: Lakini Khadija, hii yako. Kuna nyumba, mlangoni wamechora mbwa kwa vijiwe vidogo vidogo, mnyororo shingoni, na chini yake maandishi ya Kilatini: CAVE CANEM. Jihadhari na mbwa. Mlima ulilipuka mwaka 79, hesabu mwenyewe.

Khadija: Karibu miaka elfu mbili na bango ni lile lile, MBWA MKALI 😂 Mbwa mwenyewe alikuwepo lakini?

Zuhura: Nadhani kama wa jirani yetu. Bango tu.

*Alhamisi, usiku*

Zuhura: Nassor, upo? Tuko mkahawani ufukweni na wenzangu wawili. Orodha inasema samaki euro 6. Mbona rahisi?

Nassor (Roma): SIMAMA. Angalia pembeni ya 6, kuna "etto" au "hg"?

Zuhura: Ipo. Kimaandishi kidogo kama sisimizi.

Nassor (Roma): Hiyo ni bei ya gramu 100. Samaki wa kilo ni euro 60. Mwambie akupimie mbele yako na akuandikie bei kabla hajaingia jikoni. Mjomba, ndiyo ile bili yangu ya samaki.

Ami Seif: Lahaula. Na hawajavunja sheria?

Nassor (Roma): Imeandikwa, mjomba, kosa liko wapi? Na "coperto", euro 2 au 3 kwa kila kichwa, usigombane nayo ikiwa iko kwenye orodha. Hiyo ni desturi yao, ada ya kukaa mezani.

Zuhura: Tumeagiza tambi.

*Jumamosi, asubuhi*

Ami Seif: Zuhura pole sana mwanangu. Usilie. Laki na nusu nimeshatuma, nyingine nitatuma mchana nikifungua duka. Mama yako sijamwambia.

Mama Zuhura: Hujaniambia nini shemeji?

Zuhura: Laki na nusu ya nini Ami?

Ami Seif: Hujaibiwa?

Zuhura: Nimekaa hapa nakunywa kahawa!

Ami Seif: *Ujumbe huu umefutwa*

Khadija: Ami usifute!! Nakili hapa alichokuandikia.

Ami Seif: "Ami ni mimi Zuhura nimeibiwa pochi na simu huku Napoli stesheni natumia simu ya rafiki usimwambie mama atashtuka nitumie 150000 kwa namba hii haraka."

Khadija: Namba ni ya hapa hapa Tanzania, Ami. Mtu yuko Italia anaomba shilingi akanunue nazo nini?

Ami Seif: Kaniita Ami. Kajua Napoli. Kajua na mama yake atashtuka.

Khadija: Si uliweka picha yake Jumapili kwenye ukurasa wako, "Mwanetu Zuhura, Napoli, Italia", na watu sabini wakaandika hapo chini "hongera Ami Seif"? Ukurasa uko wazi kwa dunia nzima.

Nassor (Roma): Mjomba, maneno baadaye. Piga huduma kwa wateja wa mtandao wako SASA, waambie waizuie kabla hajaitoa. Khadija, iripoti namba hiyo kwa 15040, ile ya kuripoti matapeli.

Khadija: Nishatuma.

Mama Zuhura: Shemeji? Wamesemaje?

Ami Seif: Elfu tisini keshatoa. Iliyobaki wameishika, wananirudishia.

Shangazi Rukia: Seif, wewe ndiye uliyemkataza mtoto kutoka usiku.

Ami Seif: Dada, nilisikia "usimwambie mama" nikaona kweli ni yeye.

Mama Zuhura: Si kosa lako, shemeji. Mie ningetuma na hereni. Basi tupange neno la kuulizana. Anayeomba pesa kwa namba ngeni anaulizwa: paka wa Bibi alikuwa anaitwa nani? Hapa jibu asiandike mtu.

Shangazi Rukia: Yule wa rangi ya chai au yule chongo?

Mama Zuhura: Chongo.

Ami Seif: Picha nimeshaiondoa.

Khadija: Ami, nakutumia salamu ya bibi wa Spaccanapoli 👁️👇

Ami Seif: Nimeiona.

Mama Zuhura: Zuhura, begi liko upande gani?

Zuhura: Ukutani, mama.